Wiki za Mwisho kwa Kafili

Mkataba wa kadama, mfanyakazi wa nyumbani, aliyekwenda Saudi Arabia kwa kawaida ni wa miaka 2, lakini hauishi siku tarehe inapotimia. Huisha siku kafili, mwajiri anayemdhamini, anapotoa khuruji, yaani viza ya kuondoka moja kwa moja. Anayeondoka hawezi kujiombea. Mwajiri ndiye huiomba, siku hizi kwa simu kupitia mfumo wa serikali uitwao Absher, na ikishatoka msafiri ana siku 60 za kuondoka nchini. Hivyo mwanamke aliyehesabu miezi 24 mmoja mmoja anaweza kufika mwisho wa hesabu akajikuta bado yuko jikoni kwa watu, akingoja mtu mwingine abonyeze simu.

Sababu kubwa ya kucheleweshwa ni mrithi. Nyumba haitaki kukaa bila mtu, na kadama mpya huchukua muda kufika: pasipoti, vipimo vya afya, viza, tiketi. Akifika, anayeondoka huambiwa amfundishe kwanza: jiko linavyowashwa, mtoto gani anakunywa maziwa ya moto, bibi mzee anapewa dawa saa ngapi. Mkataba ukiisha karibu na Ramadhani mambo huwa magumu zaidi, kwa kuwa ndio mwezi wa wageni na futari, na madam, mwanamke mwenye nyumba, huomba kadama abaki mpaka Idi. Wapo wanaoomba kwa upole na kuongeza mshahara, na wapo wanaonyamaza tu. Hata hivyo, ombi la mtu anayeshika ruhusa yako ya kutoka si ombi. Hilo ni agizo lililovishwa adabu.

Kwamba mambo si lazima yawe hivyo, Qatar imeonyesha. Tangu Januari 2020, mfanyakazi wa nyumbani huko haombi ruhusa ya mwajiri ili aondoke nchini. Hutakiwa tu kumpa taarifa saa 72 kabla ya safari.

Anayechoka kusubiri na kutoka nyumbani kwa kafili bila kibali hujitia katika hatari kubwa. Mwajiri anaweza kumripoti huruub, kwamba ametoroka, na mtu aliyebakiza wiki 3 arudi kwao akageuka mkosaji mbele ya sheria. Wengine huishia kwenye sakan, mabweni ya wakala, wakisubiri kesi zao zitatuliwe. Wenye uzoefu hulitaja suala la kuondoka mapema, miezi 2 au 3 kabla, tena kwa ujumbe wa maandishi ili tarehe ibaki kwenye simu.

Kisha kuna hesabu ya pesa, na hapa nchi za Ghuba hazifanani hata kidogo. Sheria ya Kuwait ya 2015 inampa mfanyakazi wa nyumbani mshahara wa mwezi 1 kwa kila mwaka aliofanya kazi. Ya Qatar, ya 2017, inampa mshahara wa wiki zisizopungua 3 kwa mwaka. Kanuni za Saudi Arabia za 2013 ziliweka mshahara wa mwezi 1 kwa aliyetimiza miaka 4. Maana yake, aliyefanya miaka 2 Kuwait ana malipo ya miezi 2 ya kudai mwishoni, na mwenzake wa Riyadh, kwa kazi ileile ya deki na pasi, hana kiinua mgongo. Cha kudai kwake ni mishahara iliyolimbikizwa na tiketi ya kurudi. Madai hayo yanahitaji kumalizwa kabla ya kupanda ndege. Karatasi ya mwisho inayosema amelipwa kila kitu huandikwa Kiarabu, na wengi huitia sahihi jioni ya mwisho, begi likiwa mlangoni, kwa kuogopa kwamba kuuliza swali kutaahirisha safari. Kudai riyal 3,000 kutoka Kakamega au Mbale, huku kafili hapokei simu, ni kazi ya kukatisha tamaa.

Mizigo nayo ina historia yake. Haikununuliwa wiki ya mwisho. Ilikusanywa kidogo kidogo chini ya kitanda. Blanketi zito la kumpelekea mama, udi, marashi, viatu vya mtoto vilivyonunuliwa kwa kukisia, kwa sababu mguu aliouacha ukiwa na miaka 3 sasa una miaka 5. Begi hupimwa kwenye mizani ya bafuni, hufunguliwa, hupimwa tena. Mara nyingi kinachotolewa ni nguo za mwenye begi. Za watu hubaki.

La mwisho ni dogo, na limewaumiza wengi. Laini ya simu ya huko imesajiliwa kwa ikama, kitambulisho cha ukaazi, na haidumu baada ya khuruji. Programu ya kupokea mshahara hutuma namba za siri kwenye laini hiyohiyo. Akiba inayoachwa humo kwa nia ya kuitoa akishafika nyumbani hujifunga pamoja na laini, kwa hiyo pesa hutumwa kwao kabla ya siku ya safari, zote, isipokuwa za maji na chai ya uwanja wa ndege.