Ilani: Hukumu Isomwe Kijijini

Sisi tuliofungwa kwa makosa ambayo hatukuyatenda, pamoja na wake, waume na watoto waliotungoja, tunaanzisha harakati hii Sumbawanga. Tuna dai moja la kwanza.

Polisi wakimkamata mtu Laela, Matai au Muze, kijiji kizima hushuhudia. Mahakama ya Rufani ikimwachia miaka kadhaa baadaye, anayejua ni karani, wakili na mkuu wa gereza. Mtu anashuka stendi, watu wananong'ona: huyu katoka kwa msamaha, au kahonga? Msamaha wa Rais huondoa adhabu, hatia inabaki. Rufaa iliyoshinda huifuta hatia yenyewe. Kwenye kesi ya mwanamuziki Nguza Viking, baba na wanawe watatu walihukumiwa kifungo cha maisha mwaka 2004. Februari 2010 rufaa iliwaachia wana wawili. Desemba 2017 Rais Magufuli akamsamehe baba na mwana aliyebaki. Leo mitaani wote wanne husemwa kwa pumzi moja.

Minong'ono hiyo humkuta mtu ambaye tayari kaumia. Anaamka saa ya kuhesabiwa. Anasimama mbele ya mlango ulio wazi akingoja ruhusa. Mke kazoea kuamua peke yake, na mtoto anamwamkia kama mgeni. Daktari Adrian Grounds wa Cambridge aliwachunguza wanaume 18 wenye mkasa kama wetu, na mwaka 2004 akaandika kwamba wengi walibadilika tabia kwa namna isiyopona upesi, kama watu waliotoka vitani. Hapa Ufipa jirani atasema karogwa gerezani.

Kwa hiyo: kila rufaa inapomwachia mtu, naye akiridhia, muhtasari wa hukumu usomwe kwa Kiswahili kwenye mkutano mkuu wa kijiji chake, mwenyekiti na mtendaji wakiwepo. Kiswahili ni lugha ya mahakama kisheria tangu 2021, hatuombi jambo geni. Wapo watakaosema kaponea kwenye kasoro za kesi. Vyema, nao wazisikie hizo kasoro.

Fidia tutaidai pia. Tanzania imo tangu 1976 katika mkataba wa kimataifa unaoitaja. Ila jina kwanza.

Hatutaingoja serikali. Mahindi yakishaingia ghalani tutazisoma hukumu zetu wenyewe, kijiji kwa kijiji, hadi Namanyere. Mwenye nakala aje nayo. Asiye nayo tutamsindikiza masjala ya mahakama akaidai.