Nyumba ya Gataka ni ya nani mkishaachana?
Na Naserian Mwangi

Nyumba nyingi za huku Gataka hujengwa kidogokidogo. Mwaka huu kiwanja cha hamsini kwa mia, mwaka ujao msingi, halafu kuta hukaa bila paa mpaka mkopo wa sacco utoke. Wenyewe wakiachana kabla ya rangi kukauka, vita huwa juu ya nani aliweka nini.

Mara nyingi hatimiliki ina jina la mume, na mkopo hukatwa kwenye mshahara wake. Lakini nani alimfungulia fundi lango alfajiri? Nani alihesabu mifuko ya saruji jioni, akalipia lori la maji, akawapikia vibarua mtoto akiwa mgongoni? Kazi hiyo haina risiti, ila sheria inaitambua. Sheria ya Mali ya Wanandoa ya 2013 inahesabu kuwa mchango kazi za nyumbani, malezi ya watoto na hata kuwa mwenzi. Kifungu cha 7 kinasema kila mmoja apate kulingana na alichochangia.

Hapo ndipo wengi hukosea, wakidhani ni nusu kwa nusu moja kwa moja. Tarehe 27 Januari 2023, katika kesi ya JOO na MBO iliyohusu nyumba ya Tassia, Nairobi, Mahakama ya Juu iliwagawia wawili hao sawa kwa sawa, lakini ikasisitiza kwamba usawa wa wanandoa uliomo kwenye Katiba haumpi mtu nusu bila ya kuonyesha mchango wake. Siku hiyohiyo, katika kesi ya MNK na POM, watu walioishi pamoja miaka mingi bila ndoa kuthibitishwa, iligawa asilimia 70 kwa 30.

Mimi naona mzigo huu wa ushahidi unamwelemea aliyekuwa nyumbani. Mwenye mshahara ana karatasi za benki. Mwenzake ana kumbukumbu na majirani. Kwa hiyo nawaambia dada zangu, na kaka zangu pia: majina yote mawili yaingie kwenye hatimiliki siku ya kununua. Kifungu cha 14 cha Sheria ya Mali ya Wanandoa kinachukulia kwamba hisa ni sawa majina yakiwa mawili. Likiwa moja, sheria huchukulia kwamba mwenye jina anamshikia mwenzake amana, ila dhana hiyo yaweza kupingwa. Anayekwambia kuomba jina lako liandikwe ni kutomwamini, mjibu kwamba hata sacco huandika kila mdhamini.

Hesabu yenyewe si ngumu. Tuseme mthamini amesema nyumba ni shilingi milioni 6, na deni lililobaki ni milioni 1.5. Kinachogawanywa ni milioni 4.5. Anayebaki humlipa mwenzake fungu lake na kulibeba deni, wakishindwa, wanauza. Tatizo ni kwamba mtu hutaka kugawa milioni 6 huku sacco ikiendelea kumkata mwenzake peke yake.

Jambo moja huwaumiza watu wa huku kuliko yote. Wengi wametengana tu, hawajatalikiana. Mahakama haigawi mali ya wanandoa mpaka ndoa ivunjwe. Lakini wakati huo wote mume hawezi kumfukuza mke kwenye nyumba ya ndoa bila amri ya mahakama, wala mke kumfukuza mume, na katika ndoa ya mke mmoja nyumba hiyo haiuzwi wala kuwekwa rehani bila idhini ya wote wawili. Asiyetaka kungoja talaka anaweza kuomba mahakama itamke haki yake chini ya kifungu cha 17. Na anayesikia kwamba mnunuzi ameshaonyeshwa kiwanja, aende kwenye ofisi ya ardhi ya Ngong aweke zuio kabla hati hazijabadilishwa.