Kidonda cha Ulimini Kisichouma

Pasaka nilikuwa nyumbani Lipangalala, na shoga yangu mmoja akanivuta chumbani. Harusi yake ilikuwa imebaki miezi miwili, kadi za mchango zimeshagawiwa, na mchumba wake alikuwa ametokwa na kidonda kwenye ulimi. "Hakikumuuma hata kidogo," akaniambia, "na sasa kimepona chenyewe. Hamna shida, eti?"

Hapo ndipo niliposhtuka. Kidonda kimoja, kigumu, kisichouma, ndiyo tabia ya kaswende. Hutokea pale bakteria walipoingilia: sehemu za siri, au mdomoni kwa wanaofanya mapenzi kwa mdomo. Ndani ya wiki 3 hadi 6 hupotea bila dawa, lakini ugonjwa unabaki mwilini, na miaka baadaye unaweza kufika moyoni na kwenye ubongo. Mama mjamzito anaweza kumwambukiza mtoto tumboni.

Kwetu bonde la Kilombero kila kinachotoka mdomoni ni malaria. Kwa vile vilengelenge vya midomo vinavyochoma, kuna ukweli kidogo: homa huamsha virusi vilivyolala, na wengi tulivipata utotoni, pengine kwa busu la shangazi tu. Utando mweupe nao ni fangasi. Antibayotiki zinaweza kuuleta, ila ukimrudia mtu mzima kila mara, akapime VVU. Kisonono cha kooni ndicho kijanja zaidi, mara nyingi hakina dalili yoyote. Kwa hiyo wapenzi, kukaguana midomo kwa tochi ya simu hakusaidii!

"Nikimwambia akapime atasema simwamini," shoga yangu akalia. Nikamwambia aseme "twende tukapime". Wakaenda Hospitali ya Mtakatifu Fransisko, hapo hapo Ifakara. VVU hawana. Kaswende wanayo, wote wawili. Wakachomwa penisilini, ile sindano ya makalioni. Bwana harusi anaapa kwamba kidonda hakikuuma, lakini sindano hiyo hataisahau.

Halafu yakaja maswali ya umeipata wapi, na lini. Hayo, mwenzangu, yaliwachukua muda mrefu kuliko matibabu. Harusi ikasogezwa mbele, na mama mkwe mpaka leo anajua walikuwa wanasubiri mavuno ya mpunga.