Tufaha la Uswisi Halimpi Bi Harusi Ngozi Mpya



Leo nataka tuzungumze kuhusu hizi krimu za "seli shina za mimea" wanazouziwa maharusi wetu. Nasema nikiwa mwenye kosa. Mimi ni fundi cherehani, nashona magauni ya harusi, na mwaka jana nilizipanga kabatini dukani kwangu, kopo moja shilingi 150,000. Niliziuza miezi mitatu. Kila mteja nilimwambia nilichoambiwa na aliyeniletea: seli hai za tufaha zinaingia mwilini na kukuotesha ngozi mpya.

Siku moja akaja mama na bintiye kupima gauni. Binti ana miaka 22, na pesa aliyoshika ilikuwa ya mahari yake. Akachukua makopo mawili. Mama yake akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hizo seli zinaishi vipi ndani ya kopo?" Sikuwa na jibu. Nikacheka, nikafunga mfuko, nikapokea pesa. Usiku usingizi haukuja, nikaanza kusoma.

Hilo tufaha lipo kweli. Linaitwa Uttwiler Spätlauber, aina ya zamani ya Uswisi, na sifa yake ni kukaa ghalani muda mrefu bila kusinyaa. Mwaka 2008 kampuni ya huko, Mibelle Biochemistry, ilileta sokoni malighafi inayotokana nalo. Tufaha hukatwa, kwenye jeraha huota seli za kuliziba, na seli hizo hukuzwa kwa wingi maabara. Kisha hupasuliwa kwa shinikizo kubwa, na kilichomo ndani yake ndicho kinachotiwa kwenye krimu. Sasa niambieni, seli iliyopasuliwa ina uhai gani? Na hata ingekuwa hai, seli ya tufaha haigeuki kuwa ngozi ya mtu.

Najua wauzaji wenzangu watasema, "Lakini imejaribiwa!" Ndiyo. Jaribio linalotajwa sana ni la kampuni yenyewe. Wanawake 20 walipaka krimu yenye asilimia 2 ya malighafi hiyo, asubuhi na jioni kwa wiki nne, na kina cha mikunjo pembeni ya macho kikapungua kwa asilimia 15. Wanawake hao walikuwa na miaka 37 hadi 64. Bi harusi wa miaka 22 ana mikunjo gani ya kupunguza?

Halafu niligeuza kopo langu nikasoma viungo. Kwa kawaida huandikwa kuanzia kilicho kingi. Mwanzo palikuwa na maji, kisha glisirini na mafuta. Tufaha lilikuwa mwisho kabisa, nyuma ya manukato. Ni sawa na mimi nishone gauni la poliesta, nipitishe uzi mmoja wa hariri kwenye pindo, kisha nikutoze bei ya gauni la hariri. Ulainisho aliousikia mteja ulitoka kwenye glisirini na mafuta, vitu vinavyopatikana dukani kwa bei ndogo.

Kuna shoga yangu alinibishia: "Mbona singo ni mimea pia, na unaisifu?" Naisifu kwa kile inachofanya. Somo anapomsugua mwari kwa singo, anamwondoa taka, anamlainisha na kumnukisha asumini. Hamwambii kwamba asumini litamzalia ngozi nyingine. Na vilivyomo anavijua, kwa sababu kavitwanga mwenyewe.

Dada zangu, kujipamba hakuna ubaya, na biashara ni halali. Lakini sote tunakijua kisa cha Mtume wetu (s.a.w.) alipopita sokoni, akatia mkono kwenye lundo la chakula na kukuta chini kuna unyevu. Alimwuliza yule muuzaji kwa nini hakuuweka juu watu wauone. Mimi niliweka tufaha juu na maji nikayaficha chini. Kusema "hata mimi niliambiwa hivyo" hakunisafishi. Pesa niliipokea mimi, na kuuliza nilikuwa naweza.

Nilimpigia simu yule binti nikamrejeshea pesa ya makopo yote mawili, na lile alilokwisha kulifungua. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Kwa hiyo dada, ngozi yangu haina tatizo?" Swali hilo liliniuma kuliko hasara. Ili nimuuzie dawa, nilikuwa nimemuuzia kwanza ugonjwa.

Kwa hiyo bi harusi, akikuletea mtu krimu ya seli za tufaha, za zabibu au za mmea wowote, mwombe akuonyeshe viungo na muulize lile swali la mama. Akicheka kama nilivyocheka mimi, rudisha pesa yako mkobani. Mahari ni haki yako aliyokupa Mola wako. Usiibadilishe kwa maji yenye jina kubwa. Nanyi wauzaji wenzangu, uzeni krimu ya kulainisha kwa jina la krimu ya kulainisha, kwa bei yake. Riziki haitapungua.

Allah atujaalie biashara zenye baraka na ndoa zenye utulivu. Amin.