Maturubai ya Mikutano Yafungwe Barabara

Ni nadra siku hizi kuiona shughuli ya watu wengi katika Mkoa wa Tanga ikifanyika bila turubai. Mahafali ya shule, siku ya chanjo, mkutano wa wazazi, harusi na msiba, vyote hukaliwa chini ya kitambaa kilichosimamishwa kwa mabomba ya chuma na kamba. Jambo hilo ni jema, maana jua la pwani si la kuchezewa, na mtoto anayengoja cheti chake tangu asubuhi anastahili kivuli. Lisilo jema ni kwamba turubai limehesabiwa kuwa ni pambo, likatiwa katika fungu moja na maua na zulia, na kazi ya kulisimamisha ikaachiwa yeyote atakayepatikana asubuhi hiyo.

Watu wa pwani hawakustahili kukosea katika jambo hili. Mji wenyewe unaitwa Tanga, na kila mzawa wa Pangani, Kigombe au Moa anajua tanga hufanya nini likipata upepo. Turubai nalo ni tanga, ila limelazwa juu ya vichwa vya watu. Jahazi limeundwa livutwe na upepo, na nahodha amekaa usukani mkononi, tayari kutua tanga mara hali inapochafuka. Turubai halina nahodha, na walio chini yake ni wanafunzi, wazee, na akina mama waliobeba watoto wachanga.

Hesabu yake si ngumu, na walimu wa sayansi wanaweza kuifanya ubaoni. Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, katika taarifa zake za tahadhari kwa ukanda wa pwani, mara nyingi hutaja upepo unaofikia kilomita 40 kwa saa. Upepo wa kasi hiyo husukuma kila mita moja ya mraba inayoukabili kwa nguvu ya kilo saba na nusu hivi. Turubai la mita 5 kwa 10 lina mita 50 za mraba. Likiinuka upande mmoja na kuunasa upepo wote, huvutwa kwa nguvu ya karibu kilo 380, yaani uzito unaozidi mifuko saba ya saruji. Na kasi ya upepo ikiongezeka mara mbili, nguvu hiyo huongezeka mara nne. Dumu la maji la lita 20 lina uzito wa kilo 20 tu. Madumu manne yaliyofungwa kwenye nguzo nne hayawezi kulizuia turubai hilo.

Kosa kubwa huanzia kwenye saa. Mafundi hufika alfajiri, wakati bahari imelala au kuna umande mwepesi utokao bara, na kamba chache huonekana kuwa zinatosha. Mchana upepo wa baharini huamka, na katika miezi ya kusi huwa mkali zaidi. Mgeni rasmi aliyetarajiwa saa nne hajafika hata saa saba. Hivyo turubai lililofungwa kwa hewa ya asubuhi hutakiwa kusimama katika upepo wa alasiri, nalo wakati huo limekwisha kuzungushiwa vitambaa vya mapambo pande zote, likawa mfuko wa kukusanyia upepo. Pande ziachwe wazi ili upepo uingie na kutoka.

Ardhi nayo ina masharti yake. Penye udongo mgumu kigingi hupigwa kwa mshazari, kichwa kikiegemea upande wa nje, mbali na turubai, ili kamba inapovuta isiking'oe. Penye mchanga wa ufukweni kigingi hakina msaada. Huchimbwa shimo refu, likalazwa gogo lililofungwa kamba katikati, kisha likafukiwa na kushindiliwa. Penye mwamba wa matumbawe au katika barabara za Ngamiani, ambako chuma hakiingii, ni lazima viletwe viroba vya mchanga vyenye uzito unaolingana na hesabu iliyotajwa. Kuifunga kamba kwenye nguzo ya umeme kwa sababu iko karibu ni hatari juu ya hatari.

Kamba yenyewe pia hubadilika. Katani, ambayo mkoa huu umeilima tangu mwaka 1893, hujikaza inapolowa na huoza ikiachwa na unyevu. Kamba ya nailoni hurefuka inapovutwa. Aina zote mbili zinahitaji mkono wa kuzipapasa tena kila baada ya muda, hasa mvua inaponyesha. Maji yakituama juu ya kitambaa kwa kina cha sentimita 10, kila mita moja ya mraba hubeba kilo 100.

Asidhani mtu kwamba haya ni woga wa bure. Juni 2019, katika kijiji cha Jasol, jimbo la Rajasthan nchini India, dhoruba iliangusha turubai kubwa la mkutano wa dini, na watu wasiopungua 14 wakafa. Baadhi yao waliuawa na umeme. Nyaya za vipaza sauti na taa zilizoviringishwa kwenye mabomba ya chuma ni kitu cha kawaida katika shughuli za Tanga pia.

Mafundi wa kukodisha wanalaumiwa kwa urahisi, lakini wao hufanya walicholipwa kufanya. Tatizo lipo ofisini. Katika kamati ya maandalizi kuna mhusika wa chakula, wa muziki na wa mapokezi. Mhusika wa turubai hakuna. Na hata akiwapo anayeona kwamba nguzo zinanyanyuka, ni mtumishi gani atakayethubutu kuwaamuru watu watoke na turubai lishushwe, hali msafara wa mgeni umekwisha kuonekana? Mamlaka hayo hapana budi apewe mtu mmoja, kwa jina, kabla ya siku yenyewe, na mkuu wa shule au mtendaji wa kata awe wa kwanza kumtii.

Barua ya kukodi turubai huandikwa siku nyingi kabla ya mahafali. Ndani yake hutajwa idadi ya viti, rangi ya vitambaa na saa ya kufika. Haitakuwa taabu kuongeza mistari miwili mitatu: idadi ya kamba, uzito wa viroba, na jina la atakayevikagua saa sita mchana.