Kaka alitoa maksi, nami nasahihisha

Leo sitakuhubiria juu ya karo wala juu ya watoto wasiosikia. Leo nasahihisha mtihani, na mtihani wenyewe ni santuri 26 za muziki wa roki ambazo zimelala katika katoni chini ya kitanda changu kwa miaka na mikaka.

Kisa na maana ni kwamba mwisho wa mwezi twahamia nyumba ndogo, watoto wakiwa wamekwisha kujitegemea. Mama watoto amekata shauri: santuri kumi zitahama nasi, zilizosalia zitafutiwa mwenyewe. Na kwetu uamuzi wa mama watoto hauna rufani.

Sasa ngoja nikwambie zilikotoka. Kaka yangu mkubwa alikuwa karani katika bandari ya Kilindini miaka ya sabini na themanini. Wenzake walinunua saa na viatu kutoka kwa mabaharia. Yeye alinunua santuri. Kila alipopata likizo alipanda garimoshi la usiku akaja Nairobi nazo kwapani, zimefungwa kwa magazeti. Nyumbani kwetu ilikuwa ni rumba na benga, na marehemu baba aliposikia yale magita kwa mara ya kwanza aliuliza, "Hawa wanaimba au wanapigana?" Kaka hakujali. Nyuma ya kila jalada aliandika kwa penseli maksi juu ya kumi, na tarehe. Ukimpinga, mlibishana hadi usiku wa manane.

Kaka alifariki mwaka wa 1999. Tangu hapo sijathubutu kuzigusa zile maksi. Wiki hii imenibidi.

Nilianza na Machine Head ya Deep Purple, ya mwaka wa 1972, ambayo kaka aliipa 10. Hadithi yake aliisimulia kama ngano. Desemba 1971 vijana hawa wa Uingereza walikwenda Montreux, Uswisi, kurekodi katika jumba la kamari. Kabla hawajaanza, mtu mmoja katika onyesho la Frank Zappa alifyatua fataki ya moto ndani ya ukumbi, na jumba zima likateketea. Basi wakahamia hoteli moja kubwa iliyokuwa imefungwa kwa ajili ya baridi, wakaziba kuta kwa magodoro, wakarekodi kwenye ushoroba. Moto huo ndio uliozaa Smoke on the Water, wimbo ambao kila kijana ashikaye gita hujaribu kuupiga kwanza. Nimeusikiliza mara mbili. Nyimbo ni saba tu, na moja kati yake, Never Before, haina miguu. Nampa 9. Niwie radhi, kaka.

Ile ya nne ya Led Zeppelin, ya 1971, isiyo na jina kwenye jalada, kaka aliipa 9 kwa sababu, alisema, asiyeandika jina kwenye karatasi ya mtihani hawezi kupata zote. Mimi nampa 10. Wengi humsifu Stairway to Heaven. Wewe geuza upande wa pili uende wimbo wa mwisho, When the Levee Breaks. Ni wimbo wa kale wa Wamarekani weusi, uliorekodiwa mwaka wa 1929 na Kansas Joe McCoy na Memphis Minnie. Ngoma za John Bonham ziliwekwa chini kwenye ukumbi wa ngazi za nyumba kuukuu ya mashambani, na vipaza sauti vikaning'inizwa juu ghorofani. Ndiyo maana kila pigo lasikika kama mtu agongaye mlango wa ghala tupu.

A Night at the Opera ya Queen, ya 1975, ilinipa taabu. Kaka aliipa 10 akaongeza alama ya mshangao, na sababu yake haikuwa muziki mtupu. Freddie Mercury alizaliwa Unguja mwaka wa 1946, akiitwa Farrokh Bulsara, na aila yake ilihama kwenda Uingereza mwaka wa 1964 baada ya mapinduzi. "Ni mtoto wa pwani huyu," kaka alikuwa akisema, kana kwamba walikunywa kahawa pamoja Forodhani. Bohemian Rhapsody, wimbo wa karibu dakika sita usio na kiitikio, bado wanisimamisha nywele. Lakini ukweli usemwe: katikati ya santuri kuna vijiwimbo vya mzaha ambavyo nilikuwa nikivivumilia kwa heshima ya kaka. Nampa 7. Nilipoandika hiyo 7 mkono ulinitetemeka kidogo.

The Dark Side of the Moon ya Pink Floyd, ya 1973, aliipa 6: eti ni muziki wa kulalia. Nami zamani nilikubaliana naye. Kumbe ni muziki wa mtu aliyekwisha kuanza kuhesabu miaka yake! Saa zile zinazolia kwa mpigo mmoja hazikunitisha nilipokuwa na miaka ishirini. Sasa zanitisha. 9.

Rumours ya Fleetwood Mac, 1977, alipewa 3 maskini. Wanamuziki watano, wawili kati yao mume na mke katika talaka, wengine wawili wapenzi waliokosana, na wote wakiingia studio moja kila siku kuimbiana makosa. Kaka alikuwa bado kapera, angejua nini? Waliooa watanielewa. 9.

Brothers in Arms ya Dire Straits, 1985, niliinunua mwenyewe kwa mshahara wangu wa kwanza, nikajipa 10 hata kabla ya kuifungua. Leo yapata 6. Miaka mingi baadaye ndipo nilipogundua kwamba nyimbo kadhaa zilikatwa ili zienee kwenye santuri, ilhali kwenye diski za CD ni ndefu zaidi. Nilikuwa nikiusifu wimbo wenye pengo.

Ikabaki moja: Back in Black ya AC/DC. Kaka aliipa 4, na juu yake tuligombana vibaya kuliko zote. Mwimbaji wao Bon Scott alikufa London Februari 1980, na kufikia Julai santuri mpya ilikuwa madukani ikiwa na mwimbaji mwingine, Brian Johnson. "Matanga hayajaanuliwa," kaka alifoka, "na mtu ameshaketi kwenye kiti cha marehemu!" Sikumwambia wakati ule, kwani sikujua, kwamba wazazi wa Bon ndio waliowahimiza wenzake waendelee; na kwamba jalada ni jeusi tititi kwa kumwomboleza.

Miezi mitano baada ya kumzika kaka, wageni walikuja kumposa bintiye. Wazee wakaniambia niketi mahali pake. Nilikaa kwenye ukingo wa kile kiti mchana kutwa, nikitamka maneno ambayo yangetamkwa naye. Wiki hii, kengele ile inayofungua santuri ilipolia, nilikumbuka mbao za kile kiti mgongoni mwangu. Nikaandika 9 chini ya 4 yake. Sikuifuta yake.

Alhamisi binti huyo wa kaka alikuja kutusaidia kufunga vyombo. Nikamwambia kwamba kwa haki santuri zile ni zake, achukue azitakazo. Akacheka. "Baba mdogo, mimi ni mtu wa nyimbo za injili." Lakini akaketi sakafuni akaanza kuzigeuza moja moja, hasomi majina ya mbele, asoma nyuma. Alipofika kwenye ile nyeusi akanyamaza.

"Hii 4 ni mwandiko wa baba?"

"Ni wake."

"Na hii 9?"

"Yangu."

Akauliza kwa nini tumetofautiana sana hivyo. Nikamweleza yote, mpaka habari ya kile kiti. Hakusema neno. Aliifunga ile santuri kwa gazeti, kama babake alivyokuwa akizifunga, akaitia mkobani. Hana hata mashine ya kuipigia.

Kwa hiyo katika zile kumi kumebaki nafasi moja wazi, na naona Brothers in Arms inaninyemelea.