Mbio za Milimani na Hesabu ya Watu

Kila mwaka, masika yakiisha na ukungu ukianza kuinuka juu ya Lupanga, twasikia habari ile ile: chama fulani cha wakimbiaji kimekusudia kufanya mbio za kupanda Uluguru, fulana zimekwisha kushonwa, nishani zimekwisha kuagizwa, na mgeni wa heshima amekwisha kualikwa. Sisi walimu, tunaoletewa barua za kutuomba tutoe vijana wetu wakakimbie, twauliza swali moja tu, na hata leo hatujajibiwa sawasawa: Ni nani atakayewahesabu?

Asidhani mtu kwamba sisi ni adui wa mbio. Nchi hii imepata heshima kubwa kwa miguu ya vijana wake. Filbert Bayi aliposhika mbele tangu mwanzo huko Christchurch, tarehe 2 Februari 1974, akamaliza mita 1,500 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, wengi walisikia jina la Tanzania kwa mara ya kwanza. Na Septemba 2025 huko Tokyo, Alphonce Simbu alishinda maratoni ya dunia kwa sehemu 3 za mia za sekunde moja. Tena mlima ni shule njema kwa mkimbiaji. Victor Kiplangat wa Uganda alishinda mbio za dunia za milimani huko Premana, Italia, mwaka 2017, na mwaka 2023 akashinda maratoni ya dunia huko Budapest. Jirani zetu wamekwisha kulitambua jambo hili. Sisi wa Morogoro, tulio na ukuta wa milima nyuma ya nyumba zetu, tungali twakimbizana katika lami ya Msamvu kati ya moshi wa mabasi. Kwa hiyo twataka mbio za mlimani ziwepo. Tunachokataa ni namna zinavyofanywa.

Miaka kadhaa iliyopita tulipeleka vijana wetu katika shindano la namna hiyo. Hatutalitaja, wala waliolifanya hatutawataja, wenyewe wanajijua. Walioalikwa walichelewa, basi mbio zilizotangazwa kuanza saa kumi na mbili asubuhi zikaanza saa mbili na nusu, jua likiwa limekwisha kuwa kali. Saa saba nishani zikavishwa shingoni, hotuba zikasomwa, turubai likakunjwa. Saa tisa tulipowaita vijana wetu garini, mmoja hayupo. Tukawaendea wasimamizi. Walikuwa na orodha ya waliolipa ada; ya waliofika juu hawana, wala ya walioshuka hawana. Mmoja akatuambia, huku akifunga vipaza sauti vyake, kwamba bila shaka kijana amekwenda zake nyumbani.

Hakwenda nyumbani. Alikuwa amefika njia panda iliyofunikwa na ukungu, hapana mtu wala alama, akashika njia isiyo yake, akateguka kifundo cha mguu. Mama mmoja mzee wa Kiluguru alimkuta kando ya shamba lake la migomba, akamkalisha jikoni, akampa uji, kisha akamtuma mjukuu wake ashuke mjini kuuliza ni nani aliyepotelewa na mtoto. Tulipofika kwake jua lilikuwa linakuchwa. Tulimshukuru sana, naye akatujibu kwa upole ambao ulituuma kuliko matusi: “Hata mbuzi jioni huhesabiwa, mwalimu wangu.”

Watu husema, mambo hayo ni madogo, kijana si alipatikana? Basi na watazame mambo ya mkoa wa Gansu, Uchina, mwezi wa Mei 2021. Wakimbiaji 172 waliingia katika mbio ndefu za milimani. Hali ya hewa ikageuka ghafula, upepo na mvua ya baridi vikawakuta wengi wakiwa na fulana nyepesi, na watu 21 wakafa, na kati yao wamo waliokuwa mabingwa wa nchi ile. Uluguru si Gansu, twakubali. Lakini mji wetu uko kama mita 500 juu ya bahari, na kilele cha Lupanga kiko mita 2,138. Na kwa kila mita 1,000 za kupanda joto hupungua kama digrii 6. Kijana aliyeondoka mjini akitoka jasho aweza kufika juu akitetemeka, na mguu uliovunjika huko haufikiwi na gari lo lote.

Kuhesabu si elimu ya juu. Kila mkimbiaji apewe namba, na namba hiyo iandikwe daftarini aondokapo, apitapo mahali pa kugeukia, na arudipo. Penye njia panda asimame mtu tangu wa kwanza hata wa mwisho. Nyuma ya wote atembee mmoja asiye na haraka, ambaye kazi yake ni kutomwacha mtu nyuma. Na yule achokaye akaacha mbio, asiende kwake kabla ya kufika mwishoni kusema, “Mimi nimeacha.” Huko Uingereza, walikozoea mbio za milimani tangu karne ya 19, kanuni hii ya mwisho hushikwa kwa ukali, kwa maana mtu mmoja aliyelala kitandani kwake bila kusema aweza kuwafanya watu 30 wazunguke mlimani usiku kucha wakimtafuta. Daftari, kalamu, saa mbili zilizolinganishwa, na watu kumi wenye subira: hivyo vyote gharama yake haifiki nusu ya gharama ya turubai.

Hapo ndipo lilipo shauri letu la pili. Iachwe sherehe moja kubwa ya mwaka, ziwekwe mbio ndogo nne, moja kila mwezi tangu Juni hata Septemba, wakati wa kipupwe ambapo njia ni kavu. Mbio moja na iende Morning Side kwa njia ya gari; nyingine zipite upande wa Bigwa au kwingineko. Kila mshindani apewe alama kwa nafasi yake, na katika nne zihesabiwe tatu zilizo bora, ili mwenye kuugua au kufiwa asipoteze mwaka mzima. Wasimamizi nao watajifunza: kosa la Juni litarekebishwa Julai, lisingoje mwaka mwingine likiwa limekwisha kusahauliwa. Wako wasemao kwamba mbio ndogo hazileti wafadhili. Labda ni kweli. Nasi twauliza, mfadhili amekuja kuona watu wakikimbia au kuona jina lake juu ya fulana?

Juu ya kilele twasema waziwazi: mkutano wa watu mia tano usipelekwe Lupanga. Msitu ule umo katika Hifadhi ya Mazingira Asilia Uluguru tangu mwaka 2008, umejaa mimea na ndege wasiopatikana penginepo duniani, na njia yake ni nyembamba, yenye mizizi na utelezi. Mito ishukayo Uluguru huulisha mto Ruvu, ambao Dar es Salaam hunywa maji yake. Mbio zigeukie ukingoni mwa msitu. Atakaye kilele akipande siku nyingine, taratibu, kwa idhini ya wenye kuutunza.

Na wenyeji waulizwe mapema, si kwa barua ya juzi na shindano kesho. Serikali ya Kiingereza iliamrisha matuta ya kuzuia mmomonyoko katika milima hii bila kuwasikiliza Waluguru barabara. Mwaka 1955 watu walikataa kwa ghasia, na mpango ukaachwa. Udongo ulihitaji kutunzwa, nani abishe? Lakini amri ilishuka kutoka juu kwa watu wanaojua kila jiwe la mteremko wao. Njia ambazo vyama vyataka kuzifunga asubuhi nzima ndizo njia za akina mama washukao na mizigo ya mboga na ndizi kichwani kwenda sokoni. Wanapita mlima huo alfajiri, miguu mitupu au kwa kandambili, shingo haitikisiki. Na katika orodha ya washindani hayumo hata mmoja wao, kwa kuwa ada ni kubwa kuliko mauzo ya siku. Wakaao mlimani na wakimbie bila ada, na mbio zipangwe zisikutane na saa zao za soko.

Mwaka huu barua imetufikia tena, na picha ya nishani ndani yake. Tumejibu kwamba tutatoa vijana 12, siku ile tutakapoonyeshwa daftari la kuhesabia na kuambiwa jina la mtu atakayekaa nalo huko juu mpaka wa mwisho ashuke. Hatujapata jibu.